Sababu na Hoja: Vita vya Marekani katika Kuba na Ufilipino, 1898–1902

Kiswahili kina maneno matatu ambayo mwanafunzi wa historia hana budi kuyatenga. Sababu ni jambo limsukumalo mtu kutenda. Hoja ni neno alitoalo mbele za watu ili tendo lake lionekane kuwa la haki. Kisingizio ni hoja ambayo mtoaji wake mwenyewe haiamini. Katika mambo ya nyumbani maneno haya huweza kuchanganywa pasipo hasara kubwa. Katika mambo ya vita kuyachanganya huzaa makosa mawili. Kosa la kwanza ni la msomaji apokeaye kila hoja ya serikali kana kwamba ndiyo sababu. Kosa la pili ni la msomaji aonaye kila hoja kuwa kisingizio, akaitupa kabla ya kuipima. Kosa hili la pili huvaa sura ya werevu, na kwa hiyo hudumu zaidi. Vita ambavyo Marekani ilipigana na Hispania mwaka 1898, pamoja na vile vilivyofuata Ufilipino, huyapima makosa yote mawili. Maana nchi mbili zilizokuwa chini ya taji moja ziliingiliwa na jeshi moja katika mwaka mmoja, lakini moja iliwekewa ahadi katika sheria, na ya pili haikuwekewa.

Mwisho wa karne ya 19 Hispania, iliyopata kuwa na makoloni kutoka Mexico hadi Argentina, ilikuwa imebakiwa na Kuba na Puerto Rico katika bahari ya Karibi, na Ufilipino pamoja na visiwa vidogo kadhaa katika Pasifiki. Katika Kuba wenyeji walikwisha kupigana miaka kumi, kutoka 1868 hadi 1878, bila kupata uhuru. Tarehe 24 Februari 1895 walianza tena. Kiongozi wao wa fikra alikuwa José Martí, mshairi na mwandishi aliyeishi miaka mingi New York, ambaye aliuawa vitani tarehe 19 Mei 1895. Katika barua aliyoianza siku moja kabla ya kufa, na ambayo hakuimaliza, Martí alieleza kwamba aliona wajibu wake kuwa ni kuizuia Marekani, kwa njia ya uhuru wa Kuba, isienee katika visiwa vya Karibi. Basi hata kabla ya Marekani kutoa hoja yoyote ya kuingia Kuba, mmoja wa watu ambao hoja hiyo ilikuja kusema inawaokoa alikwisha kuiogopa.

Vita vya Kuba vilikuwa vikali. Máximo Gómez, jemadari wa wapiganaji, aliamuru mashamba ya miwa yachomwe ili Hispania ikose mapato. Hispania ikampeleka Jenerali Valeriano Weyler, aliyefika Februari 1896. Weyler aliwahamisha watu wa mashamba kwa nguvu, akawafungia katika miji iliyolindwa na askari, ili wapiganaji wakose chakula na habari. Njaa na maradhi viliwaua watu wengi katika miji hiyo. Idadi yao hukadiriwa kuwa zaidi ya laki moja. Mateso hayo yalikuwa kweli. Hayakubuniwa na magazeti ya New York, ijapokuwa magazeti ya William Randolph Hearst na Joseph Pulitzer, yaliyokuwa yakishindana kuuza nakala, yaliyaongezea chumvi kila siku.

Ama sababu za Marekani, zilikuwa nyingi, na nyingine ni za zamani kuliko mateso yenyewe. Ya kwanza ilikuwa mali. Rais Grover Cleveland, katika taarifa yake kwa Bunge ya Desemba 1896, alikadiria kuwa rasilimali ya Wamarekani katika Kuba ilikuwa baina ya dola milioni 30 na milioni 50, na kwamba biashara baina ya nchi hizo mbili katika mwaka 1893 ilipita dola milioni 100. Sukari ndiyo iliyokuwa roho ya biashara hiyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1890 iliruhusu sukari ghafi kuingia bila ushuru, na mashamba ya Kuba yakapanuka. Sheria ya mwaka 1894 ikarudisha ushuru wa asilimia 40, na Wakuba wengi wakapoteza kazi. Uasi ulianza mwaka uliofuata. Haiwezi kusemwa kwamba ushuru peke yake ulileta vita, kwa kuwa tamaa ya uhuru ilikuwako tangu kale. Lakini sheria iliyotungwa Washington ilitia kuni katika moto ambao Washington ilikuja kusema inakwenda kuuzima.

Sababu ya pili ilikuwa bahari. Mwaka 1890 Alfred Thayer Mahan, ofisa wa jeshi la majini, alichapisha kitabu kuhusu nguvu za bahari katika historia. Alifundisha kwamba taifa la biashara halina budi kuwa na manowari, na manowari hazina budi kuwa na vituo vya makaa ya mawe katika njia zao. Mafundisho hayo yaliwapendeza vijana wa siasa, miongoni mwao Theodore Roosevelt. Tena mwaka 1893 uchumi wa Marekani ulianguka, na wengi wakaamini kwamba viwanda vyao vitapona tu kwa kupata wanunuzi ng'ambo, hasa Uchina. Hata hivyo ni lazima kutenda haki: wafanyabiashara wengi wakubwa hawakutaka vita mpaka mapema mwaka 1898, kwa hofu kwamba vitavuruga uchumi uliokuwa umeanza kupona. Asemaye kuwa matajiri waliagiza vita na serikali ikatii amerahisisha mambo kupita kiasi.

Kisha likatokea tukio. Tarehe 25 Januari 1898 manowari ya Marekani iitwayo Maine iliingia bandari ya Havana. Usiku wa tarehe 15 Februari ililipuka ikazama, na mabaharia zaidi ya 250 wakafa. Tume ya jeshi la majini ilisema mwezi Machi kwamba chombo kililipuliwa na bomu lililokuwa nje yake, lakini haikumtaja aliyelitega. Umma haukungoja jina. Ulikwisha kuihukumu Hispania. Mwaka 1911 mabaki yalichunguzwa upya, na tume ya pili ikashikilia kwamba mlipuko ulianzia nje. Mwaka 1976 Admirali Hyman Rickover alitoa uchunguzi uliosema kwamba yaelekea moto uliwaka ndani ya chombo chenyewe, katika ghala la makaa lililopakana na ghala la baruti. Katika jambo la Maine serikali haikuthibitika kusema uongo. Kosa lilikuwa la namna nyingine, nalo lina madhara kama ya uongo: jambo lisilojulikana lilipewa uzito wa jambo lililothibitishwa.

Tarehe 11 Aprili 1898 Rais William McKinley aliliomba Bunge ruhusa ya kutumia jeshi, akatoa hoja nne. Ya kwanza ilikuwa utu: kukomesha mauaji na njaa. Ya pili ilikuwa kulinda maisha na mali ya Wamarekani waliokaa Kuba. Ya tatu ilikuwa madhara makubwa yaliyoipata biashara ya Marekani. Ya nne, ambayo yeye mwenyewe aliiita yenye uzito kupita zote, ilikuwa kwamba hali ya Kuba ilitishia daima amani ya Marekani. Na hapo ndipo alipoitaja Maine kuwa ushahidi. Msomaji mwenye shaka hutazamia kuona biashara imefichwa nyuma ya utu. Haikufichwa, ilitajwa waziwazi, katika nafasi ya tatu. Lililokosekana katika hotuba ni jambo jingine. McKinley hakutaka kuitambua serikali ya wapiganaji wa Kuba, na habari kwamba Hispania ilikwisha kuamuru mapigano yasimamishwe aliitia mwishoni kabisa. Wakuba waliingia katika hoja kama watu wa kuhurumiwa, wala si kama watu wenye neno la kusema juu ya nchi yao.

Pengo hilo lilionwa na baadhi ya wabunge. Azimio lililotiwa sahihi tarehe 20 Aprili lilikuwa na kifungu cha nne kilicholetwa na Seneta Henry Teller wa Colorado. Kifungu hicho kilisema kwamba Marekani haina nia ya kuitawala Kuba, ila kuituliza, na kwamba ikisha kutulia utawala utaachwa mikononi mwa watu wake. Kilipita bila mtu kukipinga. Waliokikubali hawakuwa wote na nia moja. Wengine waliwapenda Wakuba. Wengine hawakutaka watu wa rangi na dini nyingine waingizwe katika taifa lao. Na wakulima wa sukari wa Marekani walikuwa na faida yao ikiwa Kuba ingebaki nje ya ukuta wa ushuru. Lakini ahadi haipimwi kwa usafi wa nia ya waliyoitoa. Kwa kuwa iliandikwa, ilikuwapo. Na mambo yaliyofuata yanaonyesha tofauti ya kuwapo kwake na kutokuwapo.

Katika hoja nne za McKinley, Ufilipino haukutajwa hata kwa neno moja. Walakini pigo la kwanza la vita lilipigwa huko. Jeshi la majini lilikuwa na shauri la kuishambulia Manila tangu mwaka 1896, na tarehe 25 Februari 1898 Roosevelt, aliyekuwa naibu wa waziri wa jeshi hilo, alimpelekea simu Komodoro George Dewey akae tayari Hong Kong. Tarehe 1 Mei Dewey aliziangamiza merikebu za Hispania katika ghuba ya Manila, pasipo Mmarekani hata mmoja kuuawa na silaha ya adui. Tarehe 19 Mei Emilio Aguinaldo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Ufilipino aliyekuwa uhamishoni, alirudishwa nchini katika chombo cha Marekani. Aguinaldo alisema daima kwamba Wamarekani waliozungumza naye walimwahidi uhuru wa nchi yake, wao wakakana. Hapakuwa na hati. Wahenga wa pwani walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na uhuru wa Wafilipino ulikuwa mali ya namna hiyo.

Tarehe 12 Juni 1898 Aguinaldo alitangaza uhuru huko Kawit. Tarehe 13 Agosti Manila ilikabidhiwa kwa Wamarekani baada ya mapigano ambayo majemadari wa pande mbili walikwisha kupatana jinsi yatakavyokwenda, na jeshi la Wafilipino, lililokuwa limeuzingira mji, likazuiwa kuingia. Kwa mkataba uliotiwa sahihi Paris tarehe 10 Desemba 1898, Hispania iliiachilia Kuba, ikatoa Puerto Rico na Guam, na ikaukabidhi Ufilipino kwa dola milioni 20. Hakuna Mfilipino wala Mkuba aliyepewa kiti katika mazungumzo hayo.

Hapo hoja ilibadilika. Hoja ya kuokoa iligeuka hoja ya kulea. Katika tangazo lake la tarehe 21 Desemba 1898 McKinley alisema kuwa Marekani imekuja si kama mshindi bali kama rafiki, na kwamba utawala wake utakuwa wa hisani. Ikasemwa pia kwamba Wafilipino hawajaweza kujitawala, na kwamba Marekani ikiondoka Wajerumani wataingia. Na ni kweli kwamba manowari za Kijerumani zilionekana katika ghuba ya Manila mwaka huo. Februari 1899 mshairi Mwingereza Rudyard Kipling alichapisha shairi lililoisifu kazi ya kutawala kuwa mzigo wa mtu mweupe, na kichwa chake kiliutaja Ufilipino. Wasomaji wa Afrika ya Mashariki hawataiona hoja hiyo kuwa ngeni. Hoja ya kuokoa hutaja tendo ambalo likikwisha mwokozi hurudi kwao; hoja ya kulea haina siku ya mwisho, maana mlezi ndiye aamuaye lini mtoto amekua.

Tarehe 4 Februari 1899 risasi zilianza baina ya Wamarekani na Wafilipino. Siku mbili baadaye Seneti iliupitisha mkataba kwa kura 57 dhidi ya 27, kura moja tu zaidi ya theluthi mbili zilizotakiwa. Kisha likaja jaribio ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Seneta Augustus Bacon wa Georgia alileta kifungu cha kuwaahidi Wafilipino uhuru, mfano wa kile cha Teller kwa Kuba. Tarehe 14 Februari kura ziligawanyika sawasawa, 29 kwa 29, na Makamu wa Rais Garret Hobart akakipinga kwa kura yake ya uamuzi. Ahadi ambayo miezi kumi kabla haikupata mpinzani sasa ilikufa kwa kura moja.

Vita vya Ufilipino vilitangazwa kuwa vimekwisha tarehe 4 Julai 1902, ingawa mapigano katika nchi za Waislamu za kusini yaliendelea miaka mingine mingi. Wamarekani zaidi ya 4,200 walikufa. Wapiganaji wa Kifilipino waliokufa hukadiriwa kuwa 20,000, na raia waliokufa kwa vita, njaa na kipindupindu hukadiriwa kufika laki mbili. Katika kisiwa cha Samar, baada ya askari wa Marekani kushambuliwa Balangiga tarehe 28 Septemba 1901, Jenerali Jacob Smith aliamuru wauawe wote wawezao kushika silaha, akataja umri wa miaka kumi kuwa mpaka. Alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi mwaka 1902, akaonywa, kisha akastaafishwa. Kengele tatu za kanisa zilizochukuliwa Balangiga zilirudishwa Ufilipino mwezi Desemba 2018, baada ya miaka 117.

Lakini jambo lililo zito kuliko yote kwa mwenye kupima hoja lilitokea Batangas. Desemba 1901 Jenerali Franklin Bell aliamuru watu wa mashamba katika jimbo hilo wahamie ndani ya mipaka iliyolindwa na askari, na chakula kilichokutwa nje ya mipaka hiyo kiliharibiwa, ili wapiganaji wakose msaada. Hiyo ilikuwa njia ya Weyler. Tendo ambalo mwaka 1898 lilitajwa kuwa hoja ya kwanza ya kuingia vitani, mwaka 1901 lilikuwa chombo cha walioingia.

Waliowahi kuliona hilo ni Wamarekani wenyewe. Jumuiya ya kupinga ubeberu, iliyoanza Boston mwaka 1898, iliwakusanya watu wasiofanana: mwandishi Mark Twain, tajiri wa chuma Andrew Carnegie, na mwanasiasa Carl Schurz. Seneta George Hoar wa Massachusetts alikipinga chama chake mwenyewe. Mwaka 1902 kamati ya Seneti iliwaita maofisa na askari watoe ushahidi wa yaliyotendeka. Nguvu ya wapinzani hao haikutoka katika kukana hoja za mwaka 1898. Ilitoka katika kuzishika. Walimwambia Rais kuwa, kama utu ulitosha kuwa hoja ya kumfukuza Weyler, basi utu huohuo ulitosha kuwa hoja ya kumzuia Bell. Mtu aliyekwisha kuitupa hoja kuwa ni kisingizio kitupu hana neno la kusema mahali hapo.

Katika Kuba, kwa upande wake, kifungu cha Teller kiliwafunga hata wale waliotamani kukaa. Marekani ilishika kisiwa tangu tarehe 1 Januari 1899, na ilipotafuta njia ya kubaki na mamlaka bila kuvunja neno lake, ikatunga kifungu cha Seneta Orville Platt, kilichokuwa sheria tarehe 2 Machi 1901. Kifungu hicho kiliipa Marekani haki ya kuingilia kati ili kulinda uhuru wa Kuba na serikali iliyo imara, tena kikadai ardhi ya vituo vya manowari. Wajumbe wa Kuba waliambiwa kwamba bila kukikubali jeshi halitaondoka. Tarehe 12 Juni 1901 walikikubali kwa kura 16 dhidi ya 11. Bendera ya Kuba ilipandishwa tarehe 20 Mei 1902. Majeshi ya Marekani yalirudi mwaka 1906 yakakaa hadi 1909, na si mara hiyo tu. Kifungu cha Platt kilifutwa mwaka 1934, lakini kituo cha Guantánamo, kilichokodishwa mwaka 1903, kimebaki.

Kwa hiyo ahadi iliyoandikwa haikuiletea Kuba uhuru kamili. Ilipunguzwa, ikatobolewa, ikazungukwa. Hata hivyo aliyetaka kuizunguka alilazimika kutafuta njia ya kuizunguka, na Kuba haikufanywa koloni. Wafilipino, walioanzisha jamhuri yao Malolos mwezi Januari 1899, walipata uhuru tarehe 4 Julai 1946, miaka 44 baada ya Kuba. Tofauti hiyo haielezwi na ushujaa, maana pande zote mbili walikuwapo mashujaa. Wala haielezwi na sheria peke yake, maana umbali wa nchi na tamaa ya masoko ya Uchina vilikuwa na sehemu yake. Lakini katika Kuba aliyenyimwa haki alikuwa na hati ya kuonyesha. Katika Ufilipino alikuwa na kumbukumbu ya mazungumzo.

Vita vya baadaye vinathibitisha umuhimu wa kuangalia maandishi. Agosti 1964 serikali ya Rais Lyndon Johnson ilisema manowari zake zimeshambuliwa mara mbili katika ghuba ya Tonkin. Tarehe 7 Agosti Bunge lilimpa Rais ruhusa ya kutumia nguvu, Seneti ikipiga kura 88 dhidi ya 2. Shambulio la pili, la tarehe 4 Agosti, halikutokea, kama nyaraka zilizofunguliwa mwaka 2005 zilivyoonyesha. Mwaka 2003 Iraki ilivamiwa kwa hoja kwamba ilikuwa na silaha za maangamizi, na silaha hizo hazikuonekana. Katika mambo haya mawili, kama katika Maine, jambo lisilohakikishwa lilisemwa kana kwamba limehakikishwa. Lakini kuna tofauti moja. Mwaka 1898 Bunge lilitoa ruhusa ya vita pamoja na mpaka wake. Mwaka 1964 na mwaka 2002, lilipoidhinisha vita vya Iraki, lilitoa ruhusa pana, na halikuweka ahadi ya namna ya Teller juu ya mwisho wa jambo.

Basi serikali inapotoa hoja ya kupeleka askari katika nchi ya watu wengine, haitoshi kuuliza kama ni ya kweli au ya uongo. Yafaa kuuliza pia imeandikwa wapi, imemfunga nani, itakwisha siku gani, na kama wenye nchi walikuwapo ilipotungwa. Wakuba waliweza kujibu baadhi ya maswali hayo. Wafilipino, kwa kura moja, hawakuweza kujibu hata moja.